Kahawa Nyeusi Nyumbani kwa Mama

Baba amelima kahawa Lufingo tangu sijazaliwa, na hadi Jumapili ile hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja cha kahawa yake. Kinyozi hajinyoi. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Sisi tulikunywa chai ya maziwa. Basi aliponipigia simu kwamba Jumatatu watu wawili wangekuja na mashoka kukata mibuni yote, apande parachichi kama majirani, nilikasirika. Mibuni ile ndiyo iliyonisomesha, nami nikikasirika situlii.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Makandana. Kabatini nilikuwa na mtambo wa kahawa wa vioo, nilioununua Mbeya mgahawa mmoja ulipofungwa na kuuza vyombo vyake: tungi la duara chini, chombo cha wazi juu, mrija katikati, kitambaa cha kuchujia na taa ya spiriti. Niliufunga kwa kanga, nikapanda bodaboda, nikaupakata njia nzima. Dereva akanipa pole, akidhani nina mtoto mgonjwa.

Mama alikuwa ameshakaanga kahawa kidogo na kuitwanga, kama nilivyomwomba. Nikaupanga mtambo mezani, nikamwambia ajaze tungi na kuwasha taa wakati mimi namfuata Baba shambani. Tuliporudi, povu jeupe lilikuwa linapanda mrijani.

"Mama, umeweka nini?"

"Maziwa. Ulitaka nimpe baba yako maji matupu? Tangu lini mtu wa heshima akapewa kitu cheusi nyumbani kwangu?"

Maziwa yakapanda, yakaganda kwenye kitambaa, yakagoma kushuka. Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyoungua. Baba akavuta chupa ya chai. "Hata mashine yako imeikataa kahawa," akasema. Nilitamani kulia. Badala yake nikasugua kila kitu kwa majivu na maji ya moto, nikamwomba anivumilie mara moja tu.

Safari hii nilijaza maji mwenyewe, nikatia kahawa iliyotwangwa kwenye chombo cha juu. Yalipochemka, yakaanza kupanda mrijani yenyewe, na Baba akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Nani anayapandisha?"

"Mvuke, Baba. Huo unataka nafasi na tungi limezibwa, kwa hiyo unayasukuma maji juu."

Nikaikoroga kahawa huko juu kwa mwiko mdogo, nikahesabu hadi sitini, kisha nikaondoa taa. Hapakutokea kitu. Mama akaguna. Nikaendelea kueleza, kwa sauti ile ninayoitumia darasani nikiwa na wasiwasi, kwamba mvuke ukipoa unarudi kuwa maji kidogo sana, tungi linabaki karibu tupu, na hewa ya nje inaisukuma kahawa irudi kuijaza nafasi hiyo.

"Kwa hiyo hakuna anayeivuta?"

"Hakuna. Inasukumwa kutoka juu."

Hapo ikashuka. Ilipita kwenye kitambaa kwa kasi, ikalijaza tungi, nyekundu nyeusi na safi bila chenga, na mwishoni ikatoa mapovu. Mama alikuwa amesimama na jagi la maziwa. Nilimtazama mpaka akaliweka chini.

Baba alikunywa funda moja. Akanywa la pili. "Ina ule utamu wa matunda yake," alisema, "tulipokuwa tukiyanyonya wakati wa kuchuma. Hii ni ya hapo nyuma?"

"Ya hapo nyuma."

"Miaka yote hii sikujua ninalima nini. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu." Akatoka na kikombe chake, akasimama kati ya mibuni akinywa taratibu. Nilimwangalia dirishani nikiwa na furaha isiyo na haya, nikamkumbatia Mama pamoja na maziwa yake.

Nilikuwa likizo, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikuwepo wenye mashoka walipobisha hodi. Baba aliwakalisha mezani na kuniita nilete mtambo. Aliwasha taa mwenyewe, akawaeleza habari za mvuke na hewa vizuri kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Mama alipotokea mlangoni, akamwambia bila kugeuka, "Mke wangu, maziwa ni ya chai. Hawa ni wageni wa kahawa."

Mashoka yalishinda kutwa yameegemea ukuta wa nje, na jioni wenyewe wakayabeba wakaenda zao.