Sarafu za Mjane wa Laddie

Wadau, mwezi wa pili mwaka huu nilimwibia mjane.

Nilimwibia mchana kweupe, ndani ya benki, mbele ya keshia na kamera za ukutani. Na risiti nikapewa.

Msianze kunitukana. Tulieni kwanza niwape mkanda mzima.

Naitwa Gaylen Hrbek. Nakaa mji mdogo hapa Nebraska, nje ya Lincoln, nafanya kazi kwenye maghala ya mahindi ya ushirika. Mke wangu ni Rhonda. Watoto wameshakua, kila mmoja na kwake.

Nina ugonjwa mmoja. Si pombe, si kamari. Ni sarafu.

Iko hivi. Zamani nusu dola zetu zilitengenezwa kwa fedha yenyewe, yale madini ya pete na mikufu. Baadaye serikali ikachakachua, halafu ikaitoa kabisa. Lakini zile za zamani hazikwisha zote mitaani. Nyingine bado zimejichanganya na hizi za sasa, na benki inakupa kwa thamani ileile ya nusu dola, wakati mwenye duka la sarafu anazinunua kwa zaidi ya mara ishirini.

Kwa hiyo sisi wagonjwa tunakwenda benki kununua mabunda, yaani nusu dola ishirini zilizoviringishwa kwenye karatasi. Tunarudi nyumbani, tunapekua moja moja. Wala husomi mwaka. Unatazama ukingo tu. Ukiona mstari wa kahawia wa shaba, tupa kule. Ukingo ukiwa mweupe wote, umelamba dume.

Zisizo na kitu unazirudisha, ila si benki ulikozichukua. Ukizirudisha palepale, kesho utajikuta unapekua takataka zako mwenyewe. Mimi nilikuwa nachukua hapa mjini na kurudisha Dorchester, mji wa jirani.

Na humwambii mtu. Ukiropoka tu, wiki ijayo foleni yote ni wapekuzi.

Miaka kumi na zaidi nimefanya kazi hiyo. Nilichopata kinakaa kwenye kikombe cha kahawa, na kikombe chenyewe hakijajaa. Rhonda alishachoka kunicheka.

"Bwana wewe, ungekuwa unaokota makopo saa hizi tungekuwa na bwawa la kuogelea."

Sasa siku hiyo. Theluji ilikuwa imeganda kila mahali. Nafika mlango wa benki, nakutana na Bi Vlasta Sedlacek anatoka. Huyu ni mjane wa Ladislav, fundi wa matrekta, ambaye mji mzima tulimwita Laddie. Alikuwa amefariki mwezi wa kumi na moja. Nikamshikia mlango. Mkononi alikuwa na mfuko wa sokoni, mtupu, ameukunja.

"Angalia hapo ngazini, Bi Vlasta, pana barafu."

"Nimeiona kabla yako, mwanangu. Utakayeanguka ni wewe, unayetembea huku unawaza pesa."

Nikacheka, nikaingia. Joleen, keshia wetu, akaniona kwa mbali.

"Mzee wa sarafu! Leo Mungu amekukumbuka. Nusu dola, mabunda ishirini. Nimeletewa sasa hivi, hata sijayaweka kwenye kasha."

Akayapanga kwenye kaunta. Yalikuwa yameviringishwa kwa mkono, kwa karatasi kuukuu zilizobadilika rangi. Nikageuza moja nitazame mwishoni. Nikaona sura ya mwanamke anayetembea kulielekea jua. Sarafu yenye sura ile iliacha kugongwa kabla mimi sijazaliwa.

Moyo ukapiga paa!

Nikageuza la pili. La tatu. Yote vilevile.

Nikatazama nje kupitia kioo. Bi Vlasta alikuwa bado pale kwenye maegesho, amevaa koti la marehemu mume wake, anakwangua barafu kwenye gari. Nilijua ni zake. Nilijua pia kwamba hajui alichokileta. Bibi wa watu amekuta visarafu kwenye droo za mumewe, akaona avipeleke benki apate za matumizi. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kumwita.

"Unayataka au huyataki?" Joleen akauliza.

Nikatoa dola mia mbili.

Nimefika nyumbani, Rhonda yuko chumba cha nguo, mashine ya kufulia inazunguka. Mimi nikafunga mapazia ya jikoni, nikachana bunda la kwanza polepole karatasi isilie. Nyeupe zote. La pili, nyeupe zote. Mpaka la mwisho, wadau, sikukutana na ukingo wa shaba hata mmoja!

Sikutoa sauti. Nilizisomba kimyakimya nikazifukia chini ya spana kwenye sanduku la vifaa, kule banda la gari. Rhonda alipotoka kuniuliza kama nataka chai, nikamwambia nina kiungulia.

Nilikuwa nimepanga nimpe habari kidogokidogo. Leo nimeokota tatu, kesho nne. Shetani akikupa kazi anakupa na ratiba yake.

Jumapili, baada ya misa, tuko ukumbini tunakunywa kahawa na kolache, vile vimaandazi vya Kicheki, za boga. Hapana, za plamu, maana nakumbuka ile plamu ilivyonikwama kooni. Akina mama wakaanza kupitisha kopo. Hita ya nyumba ya Bi Vlasta imekufa kabisa, wakasema, na ugonjwa wa Laddie ulishakomba akiba yote. Bibi analala jikoni kando ya jiko, amevaa soksi mbilimbili.

Rhonda akanisukuma na kiwiko. "Toa kitu."

Nikatoa dola ishirini.

"Ishirini? Mtu analala jikoni, Gaylen!"

"Hali ngumu, mke wangu."

Nilisema hivyo. Mdomo huuhuu.

Tangu siku hiyo chakula kikawa hakipandi. Upepo ukivuma nje namuona bibi na soksi zake. Roho iliniuma mpaka nikamchukia yeye badala ya kujichukia mimi. Nani alimtuma azipeleke benki bila kuuliza?

Nikajidanganya kwamba nikiziuza nitapoa. Sarafu zina historia, pesa taslimu haina. Nikaenda Lincoln kwa mnunuzi. Akazimwaga kwenye mizani, hata hakuzitazama mara mbili.

"Zimelika sana hizi, kaka. Hakuna mkusanyaji atakayezitaka. Zinakwenda kuyeyushwa."

"Yeyusha," nikasema.

Akanihesabia dola elfu nne na mia tatu. Nikaweka kwenye bahasha, bahasha kwenye koti. Sikupoa hata kidogo. Nilipofika nyumbani hata kumtazama Rhonda usoni nilishindwa.

Siku ya tatu yake yakanishinda. Nikatoka kazini moja kwa moja mpaka kwa Bi Vlasta. Nikasema liwalo na liwe, namrudishia zote na ninampigia magoti.

Alinifungulia mlango akiwa na koti. Ndani ukipumua unaona mvuke. Akanivuta jikoni, akanimiminia kahawa kabla sijakaa.

"Kunywa. Una sura ya mtu aliyefiwa, na aliyefiwa ni mimi."

"Bi Vlasta, zile sarafu ulizopeleka benki, nilizinunua mimi. Zilikuwa za fedha."

"Najua."

Nikadhani hajanisikia vizuri. "Za fedha. Zina thamani kubwa kuliko ilivyoandikwa. Nilijua palepale, na wewe ulikuwa nje unakwangua gari, nikanyamaza."

"Gaylen, nimeishi na Laddie miaka hamsini na mbili. Kila Jumamosi ananimwagia visarafu kwenye meza yangu ya chakula, anazitazama kingo kama anatafuta chawa. Mimi nisijue fedha ni ipi?"

Laddie? Mpekuzi? Nimekaa naye benchi moja kanisani miaka yote hiyo!

Bibi akainamisha kichwa, akanichungulia. "Kumbe ni wewe mwenye nukta ya bluu?"

Hapo nikachoka kabisa. Maana wapekuzi tuna mtindo wetu. Sarafu uliyokwisha kuikagua unaitia kijinukta cha kalamu, ili ikikurudia usipoteze muda nayo. Mimi naweka cha bluu, shingoni mwa yule rais aliye kwenye nusu dola za sasa. Hakuna binadamu niliyewahi kumwambia.

"Laddie alikuwa anachukua Dorchester na kurudisha hapa," bibi akasema. "Wewe je?"

"Nachukua hapa. Narudisha Dorchester."

Akapiga meza kwa kucheka. "Ndivyo alivyosema! Kila akichana bunda anakutana na nukta zako. 'Vlasta, kuna maskini mmoja anapekua makapi yangu, na mimi napekua ya kwake.' Alikuwa anacheka mpaka anapaliwa."

Halafu uso ukambadilika.

"Alipoanza kuumwa akaacha kucheka. Akaniambia, 'Fedha ya huku na ya Dorchester niliichota yote kabla mtu huyu hajaanza. Miaka yote anachosha macho bure, na mimi nimekaa nazo kwenye makopo. Nimemla mtu, Vlasta. Nikifa, zirudishe benki, hapahapa kwetu, kwa thamani iliyoandikwa. Usimwambie yeyote. Aziokote mwenyewe.' Nikamwahidi."

"Na hita je? Unaganda humu ndani, na ulikuwa na—"

"Ahadi ni ahadi. Hita ni chuma tu."

Nikatoa bahasha, nikaisukuma mezani. Akairudisha kwa kidole kimoja bila kuifungua.

"Sitaki unilipe. Sarafu ni zako. Alikupa yeye. Usinifanye nimvunjie ahadi marehemu."

Nilikuja na wizi wangu niutue, kumbe hapakuwa na wizi. Nilipewa zawadi nikaikwapua.

Bibi akasogeza kiti karibu. Akanishika mkono, vidole vyake vya baridi.

"Sasa niambie kitu kimoja. Laddie alisema atakayezipata atapiga ukelele mpaka mbwa wa mtaa wabweke. Alikuwa anaiga hivi, kitandani, nesi akaja mbio. Alisikitika jambo moja tu, kwamba hatakuwepo kusikia. Ulipiga kelele?"

Wadau, mngeona macho yake. Mtu aliyelala na baridi mwezi mzima kwa ajili ya ukelele wangu.

"Nilipiga, Bi Vlasta. Nilipiga mpaka koo likakauka."

Akalia. Akacheka huku analia, akajifuta kwa mkono wa koti la Laddie.

"Na umezitunza?"

"Zote. Zipo nyumbani."

Nilitoka pale nimeinama. Sikuenda nyumbani. Nilipitia ukumbi wa kanisa, hapakuwa na mtu, nikaisokomeza bahasha nzima kwenye lile kopo la mchango. Wiki iliyofuata mafundi wakafunga hita mpya. Akina mama wakasema ni muujiza. Mimi nikasema basi, yamekwisha, tumelipana na Mungu.

Yangekwisha ningekuwa naandika hapa?

Jumapili, kahawa inamiminwa, Bi Vlasta akagonga kikombe kwa kijiko. Akasimulia kila kitu. Laddie na makopo yake, nukta za bluu, makapi ya huku na ya kule. Ukumbi mzima ukacheka mpaka machozi. Mwisho akaninyooshea kidole.

"Na huyu hapa alipozipata alipiga ukelele kama Laddie alivyotabiri!"

Jamaa zangu wa maghalani wakanivamia. "Kumbe wewe, Hrbek, unakula kimyakimya! Hebu piga tena tusikie!"

Nikasema hapana. Wakaanza kugonga meza. Bi Vlasta amekaa mbele, amekunja mikono kifuani, anasubiri.

Nikapiga.

Nilipiga ukelele ule, wadau, katikati ya ukumbi, na makofi nikapigiwa. Bibi akafumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Rhonda alikuwa amekaa na kolache yake mkononi, ananitazama.

Ndani ya gari, tulipovuka reli, Rhonda akasema:

"Siku ile nilikuwa chumba cha nguo, nakunja mashuka. Mlango ulikuwa wazi."

Nikakaza macho barabarani.

"Sikusikia ukelele wowote, Gaylen. Ulisema una kiungulia."

Nikamwambia yote pale kwenye gari. Mapazia, sanduku la vifaa, mnunuzi wa Lincoln, bahasha. Nilitegemea atanipigia makelele. Ningeshukuru. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Bi Vlasta ameniambia Jumapili ijayo anakuja kwetu na keki. Anataka kuzishika mara moja tu, za Laddie. Tutamwonyesha nini?"

Leo ni Alhamisi. Sarafu za Laddie zimeshayeyushwa. Rhonda ananipikia, ananipakulia, na haongei na mimi.

Ninyi mnaosoma, chukueni hili kwangu. Kitu ukikipokea kama mwizi, hata kama ulipewa, utakilipia kama mwizi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuvuka hata ukuta wa chumba cha nguo.