Viti vya Kuazima

Mimi Mwavita sitaki kusikia mtu akimwita Mukundwa "yule mama wa simu." Jina analo. Nauza vitenge sokoni Kamembe, maneno ya kila kilima yananifikia pale pale kwenye meza, na nikilisikia hilo namwacha hata mteja nikamjibu aliyelisema. Mume wangu Latifu, fundi cherehani anayekaa mlangoni mwa duka, huniambia iko siku nitapigana sokoni kwa ajili ya mtu ambaye hata dini si moja naye. Na nipigane. Wewe kaa hapa nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Mukundwa ni mjane wa Nzahaha. Nyumba yake iko juu kilimani. Ukitoka kwake unashuka kati ya migomba na mihogo mpaka kwenye kijito, ukivuka ndipo unapanda kuifuata barabara kuu. Zamani gari halikufika. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa ambayo wanaume wa kilima huitia mabegani na kupokezana njia nzima. Hivyo ndivyo alivyobebwa mumewe Habimana siku tumbo lilipomshika, wakimpeleka Mibirizi hospitali. Walifika kijitoni wakakuta maji yamejaa, yanabeba mpaka magogo. Wakaitua machela wangoje yapungue. Habimana hakuweza kungoja. Bega la mbele kabisa siku ile lilikuwa la mume wa Mukamazimpaka, jirani wa Mukundwa, ua kwa ua. Ulishike jina hilo la Mukamazimpaka. Wanawake hao wawili walikuwa wakichukuliana chumvi bila hata kupiga hodi.

Miaka ikapita, ikaja habari ya barabara. Benki moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imeikopesha serikali fedha za barabara za vijijini, na kabla jembe halijagusa udongo watu wa benki walikuja kufanya mkutano kilimani. Walisema fedha hii ina masharti, si ya kuliwa na mtu yeyote, na atakayeona wizi apige simu. Wakasimamisha kibao chenye namba. Jina lako, walisema, litabaki kwetu. Watu wakapiga makofi kama watu wanavyopiga makofi mkutanoni, wakarudi mashambani.

Kazi ikaanza. Wanawake waliajiriwa kubeba mawe, na Mukundwa na Mukamazimpaka walikuwa mstari mmoja, mmoja akichoka mwenzake anapunguza mwendo. Kapita wao, yaani msimamizi wa kazi, alikuwa Ghislain, mtu wa kicheko, aliyemwita kila mwanamke Maman na kumuuliza habari za watoto. Ghislain huyo huyo ndiye aliyekuwa akiuza saruji. Lori lilipanda na mifuko, likashuka "tupu" na mifuko chini ya turubai, mchana kweupe, na waliopakia ni hao hao wanawake wa mawe. Anayekataa kupakia, kesho asubuhi haitwi kazini. Kilima kizima kilijua, na kilima kizima kikameza mate. Usiwalaumu haraka. Mwenye watoto wanaotaka daftari na sabuni hana mdomo mrefu.

Mukundwa naye alimeza, mpaka kazi ilipofika kijitoni. Hapo palikuwa pa kujengwa daraja. Siku alipoona mifuko ya daraja lile inapandishwa kwenye lori irudi mjini, kitu kilimkatika moyoni. Aliniambia baadaye, ameketi hapo hapo ulipoketi wewe: "Mwavita, nilikuwa naona sawa vile bako nabeba majiwe ya kaburi ya Habimana." Akapiga ile namba ya kibaoni.

Simu ilipokewa na binti mmoja wa ofisi ya benki, jina lake Jolie, mwenye adabu zake. Alimsikiliza Mukundwa, kisha akamwomba waonane Kamembe, kule upande wa uwanja wa ndege, mahali ambapo hakuna anayemjua. Nauli wangemlipia. Mukundwa akakataa.

Sasa sikia kosa la rafiki yangu, na usicheke. Yeye alilelewa kwamba mgeni hapokelewi njiani. Mtu aliyeacha kwao kwa ajili yako unamwingiza ndani, unampa kiti, unampa cha kunywa, ndipo mazungumzo. Kumpokea kando ya barabara, mmesimama kama watu wanaopatana bei ya parachichi, ni aibu ambayo ingemfuata mpaka kaburini. Akamwambia Jolie: kama kweli wananiheshimu, waje kwangu, kama hawaji, sina la kusema. Jolie wa watu akakubali.

Na kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa na benchi moja tu, Mukundwa akapita kwa majirani kuazima viti.

Eh, nilipoelezwa hapo nilijishika kichwa. Mtu ana jambo la siri, anazunguka kilima kuiombea siri hiyo viti! Lakini huko ndiko kuishi kwao. Anayepata wageni anaazima, na viti havinyimwi. Kila nyumba ina alama yake ili visipotee: huyu ametia rangi, yule ametoboa tundu. Vya Mukamazimpaka vina kipande cha kitenge kimefungwa mguuni, cha manjano chenye ndege, nakijua sana kwa sababu nilimkatia mwenyewe. Mukamazimpaka aliuliza ni wageni gani. Mukundwa akajibu ni ba mbali. Mwenzake akampa viti, akamwongezea na thermos ya chai.

Gari la benki, jipu jeupe, lilivuka maji machache ya kiangazi, likapanda kilima kwa njia iliyokwisha kuchongwa saa za watu kutoka shambani, likasimama mbele ya mlango wa Mukundwa, na likakaa hapo mpaka jua likapinda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akaugua.

Benki ilifanya kazi yake, hilo silipingi, mimi si mtu wa kuficha haki ya mtu. Walikuja wakaguzi, wakapima, wakauliza. Ghislain akaondolewa na kampuni iliyomleta ikaondolewa. Lakini fedha nayo ilisimamishwa mpaka mambo yanyooke, na fedha ikisimama kazi husimama. Msimu mzima wa mvua mawe yalilala kando ya njia yakiota majani. Wanawake wakarudi nyumbani mikono mitupu. Binti mkubwa wa Mukamazimpaka alitolewa shule akapelekwa Kigali kuosha vyombo vya watu. Na wote walikuwa wameliona lile jipu, na wote walikuwa wametoa viti.

Hakuna aliyempiga Mukundwa. Hakuna aliyemtukana. Walimwacha tu, na kilima kinajua kumwacha mtu. Akifika kisimani, mazungumzo yanaisha. Akiomba chumvi, chumvi imekwisha. Kwenye ua ule ambako watu walipita bila hodi, sasa alipiga hodi na kungoja, na Mukamazimpaka alitoka, akamtakia asubuhi njema kama unavyomtakia karani, akarudi ndani. Mukundwa alianza kuzungumza na mbuzi wake. Nilimkuta siku moja anamweleza mbuzi bei ya maharage, nikacheka, halafu nikaona hacheki, nikaona aibu.

Jolie alimpigia simu mara moja. Alimshukuru, akamwambia malalamiko yake yameshughulikiwa na yamefungwa. Mukundwa akamuuliza atakuja lini tena kutembea. Binti akacheka kwa upole, akasema amehamishiwa nchi nyingine. Hapo ndipo ninapokasirika mimi. Walikuwa na sharti la kulinda saruji, walikuwa na sharti la kulinda jina, na huyu mama aliyebaki kilimani na jina lake hawakumtungia sharti lolote. Wangeniuliza mimi muuza vitenge ningewaambia jipu jeupe halina siri.

Ikaja kampuni nyingine. Barabara ikamalizika, daraja likasimama imara, wanawake wakapata tena kazi ya mitaro. Mimi nikadhani, basi, sasa watamrudia, njia si wanaipita wote? Wakaipita wote, mbele ya nyumba yake, na salamu ikabaki ile ile fupi.

Halafu Sandrine, mwana wa pekee wa Mukundwa, akapata mchumba. Sandrine anakaa kwangu Kamembe, ndiye anayenivushia vitenge kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na huko akakutana na Adrien, mtoto wa Papa Mulume, watu wema wanaouza samaki. Wakatuma habari kwamba wanakuja kuposa. Unajua siku hiyo inavyokuwa: pande mbili zinakaa kutazamana, wa mume huku, wa mke kule, na upande wa mke lazima ujae, maana hao ndio ukubwa wa binti. Msichana asiye na watu nyuma yake ataulizwa kwao ni wapi hata akiwa amezeeka kwa mumewe. Nyama Mukundwa alikuwa nayo, vinywaji Latifu nami tulisaidia. Kitu kimoja tu kilimnyima raha: nani ataketi upande wake?

Akazunguka tena kilima. Kila nyumba aliomba viti, na kila nyumba aliongeza: na muje. Hakuna aliyekataa. Alirudi uso umefunguka, akaniambia kwa simu kwamba watu wake wanakuja, na mimi nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wateja wakageuka.

Latifu nami tulipanda asubuhi mapema siku ile. Viti vilikuwa vimeshafika. Vilipangwa nje ya ua, kando ya miyenzi, ile miti ya uzio, cha rangi, cha tundu, vile vya kitambaa cha manjano, kila mmoja ameleta vyake akavitua akaondoka. Mukundwa aliviingiza kimoja kimoja, akavifuta, akavipanga upande wetu mistari mizuri. Kisha akavaa, akaketi cha mwisho, akatazama njia. Sisi tukatazama naye. Watu walipita kwenda shamba, majembe begani, siku ambayo hata mchapakazi hakuwa na sababu ya kulima.

Viti vilikuja. Wenye viti hawakuja.

Wageni wa Bukavu walifika kwa magari, wamependeza, wakaujaza upande wao. Upande wetu tulikuwa Latifu, mimi, na Sandrine ndani ya nyumba akilia kimyakimya asiharibu uso. Latifu alijitahidi. Alitania, akadai ng'ombe wenye pembe za dhahabu, wageni wakacheka kwa adabu. Lakini jicho halina pazia, na macho yao yalikuwa kwenye vile viti. Mwishowe Papa Mulume, mzee wao, aliuliza bila ubaya wowote.

"Maman, tulipita njia ya muzuri sana, na daraja ya nguvu. Sasa ba kwenu, bako wapi?"

Latifu akafungua mdomo atunge uongo. Mama wa binti hasemi siku hiyo, si desturi, lakini Mukundwa alisimama.

"Papa Mulume, ile njia mulipita, njo batu bangu. Sina bengine."

Sidhani yule mzee alielewa vipi njia iwe ndiyo watu wa mtu. Ila alikuwa mtu mzima. Alivua kofia, akaiweka gotini, akasema basi wataongea na yeye. Wakaongea. Posa ikapokewa, watu wakala, wakaimba, wakaondoka kabla mpaka haujafungwa. Sandrine alipata mume mwema na ninashukuru. Lakini nyimbo zile ziliimbwa upande mmoja tu wa ua.

Tulilala pale. Kesho yake Mukundwa alirudisha viti mwenyewe. Aliyeazima ndiye arudishaye, alisema, akaniruhusu kushika vya mwisho tu, vile vya manjano. Kwa Mukamazimpaka akapiga hodi. Mwenzake akatoka, akavipokea, akakishika kile kitambaa kama anayetazama kama bado kimefungwa sawasawa.

"Bageni balikula?"

"Balikula."

"Na weye, ulikula na nani?"

Mukundwa akakisogeza kiti cha mwisho mbele yake. Wakasimama hivyo, kiti kati yao. Mukamazimpaka akaingiza viti ndani, akarudisha mlango polepole.

Tulirudi kwake kwa barabara mpya. Nyuma yetu gari la wagonjwa likapiga honi, tukasogea kando, likashuka kasi kuelekea kijitoni. Mukundwa akasimama. Sikumharakisha. Alilitazama mpaka likapanda ng'ambo ya pili.

"Ilivuka," akaniambia.

Hakuwa na mwingine wa kumwambia ila mimi, na mimi mchana ule nilikuwa narudi Kamembe.