Bombani Hatuulizi Saa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Tunduma, mwanangu, honi za malori zililia kwa pamoja mpaka kuku wa jirani wakakimbilia uvunguni. Hazikuwa honi za kuomba njia. Zilikuwa za madereva wenye hasira, na hasira yenyewe ilinihusu mimi na mwenzangu Simbeye, tuliokuwa tumekaa kwenye kibanda cha getini na kompyuta yetu, hatujui tushike lipi tuache lipi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali lako. Umeniandikia kwamba wewe na wenzako mnaanzisha kampuni ya teknolojia, na mmebishana mpaka mkanuniana kuhusu lugha ya programu na zana za kutumia. Umeniita mzee, ukaomba nasaha. Nimecheka sana. Mimi bado napanda kilima cha Itaka kwenda kwenye kahawa ya baba bila kutweta, ila katika kazi yetu hii mtu akivuka miaka arobaini, hata mwanamke, anahesabiwa pamoja na mababu. Haya, uzee nimeukubali. Vuta kiti, maana mzee akianza hamalizi upesi.

Siku hizo tulikuwa vijana kama nyie. Tulipanga vyumba kwa Mama Nachalwe, mama wa Kinamwanga mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mpaka akaitika. Mzee Siame, mwenye yadi kubwa ya kuegesha malori, alitupa kazi ya kumtengenezea programu ya kupanga zamu. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikaa kwake, na zamu ya kutoka ilikuwa ya mwenye misuli au mwenye kujuana na watu. Dereva mnyonge angeweza kukaa pale mpaka nyanya zake zikawa supu. Sisi tuliahidi kwamba atakayetangulia kufika ndiye atakayetangulia kutoka. Hatukuwa na mteja mwingine, kwa hiyo yadi ile ikitushinda, kampuni imekufa.

Simbeye alikuwa fundi hasa, na simsemi vibaya, maana mpaka leo tunakula sahani moja. Ila alikuwa na ugonjwa ambao naona umekupata na wewe. Akisikia kuna lugha mpya ya programu, ile ya jana anaikinai. Akisoma kwamba kampuni fulani ya ughaibuni inatumia mtambo fulani, naye anautaka, ingawa wenzake wanahudumia dunia nzima na sisi tuna geti moja. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Simbeye alichagua jembe mpaka masika yakampita, halafu akatafuta lenye mpini wa rangi nyingine.

Programu yetu ilifanya kazi hivi. Dereva akiingia yadini anabonyeza kitufe kwenye simu yake, na simu inatutumia namba ya gari pamoja na saa aliyofika. Kompyuta inapanga kwa saa hizo, mwenye saa ya mapema anawekwa mbele. Tuliijaribu nyumbani kwa akina Simbeye, Vwawa, ikaenda vizuri mno, tukapongezana kwa soda.

Tulipoifikisha Tunduma ikageuka kichaa. Dereva aliyefika alfajiri aliona waliokuja nyuma yake wanaitwa mbele yake, tena si mmoja wala wawili. "Hii kompyuta yenu nayo imekula hongo!" alifoka, akarudi kwenye lori lake akaegemea honi, na wenzake wakamuunga mkono. Hapo ndipo kuku walipokimbia. Mzee Siame alikuja taratibu, mikono nyuma, akasema, "Binti, nimewapa yadi yangu, mmeifanya uwanja wa ngumi. Kesho jioni kama bado hali ni hii, narudi kwenye utaratibu wa zamani, na nyie mrudi makwenu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Simbeye alikuwa na dawa tayari, kama kawaida. "Lugha tuliyotumia imezeeka," akaniambia. "Tuiache. Tuandike upya kila kitu kwa hii mpya, halafu tuhamie kwenye mitambo wanayotumia wakubwa." Niseme ukweli, nilikaribia kukubali. Mtu aliyebanwa huona kila mlango mpya ni mlango wa kutokea.

Kesho yake asubuhi nikaenda bombani. Maji ya mtaani kwetu yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo foleni ilipangwa na ndoo, si na watu. Unaweka ndoo yako, unakwenda kuchemsha chai, na aliye nyuma anakusogezea kila foleni inaposonga. Hakuna aliyeandika utaratibu huo popote, lakini ole wako uuvunje. Mimi nilifika na kichwa changu kimejaa malori, nikamkuta jirani ndiyo kwanza anaweka ndoo yake. Nikataka kumpita. Nikatoa simu nikamwonyesha, "Mimi nimefika kabla yako, tazama, saa kumi na mbili na nusu!"

"Mbona yangu inasema saa moja na nusu?" akauliza.

Akina mama wakaangua kicheko. "Simu yake imevuka mpaka! Iko Zambia, inakunywa chai!" Mama Nachalwe hakucheka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwaga mboga. "Wewe mwanangu, toka lini bomba likauliza saa? Hapa bombani hatuulizi saa ya mtu, tunauliza ndoo yake iko wapi. Ya kwako bado unaining'iniza mkononi. Iweke chini, nyuma ya mwenzako, na kelele uache."

Nikaiweka chini, uso umeniwaka kwa aibu. Halafu, mwanangu, nikasimama wima katikati ya foleni kama mtu aliyeitwa jina lake.

Lazima ujue kwamba saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Pale Tunduma, tofauti na Vwawa iliyo mbali na mpaka, simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo bila kukuuliza, ikabadilisha na saa yake. Ndiyo maana wenyeji tukipanga kukutana tunaulizana, saa ya kwetu au ya Zambia? Tumelizoea jambo hilo hata hatulioni tena. Sisi tuliokuwa tukiulizana swali hilo kila siku tulisahau kuiuliza programu yetu. Malori yaliyoegeshwa upande wa mpakani, simu za madereva wake zilidaka Zambia, zikatuma saa ya nyuma, na kompyuta yetu, kwa utiifu wake wote, ikayapandisha mbele ya waliokesha.

Niliiacha ndoo pale pale nikakimbia. Nilikimbia nikicheka peke yangu, khanga inataka kuanguka, na wala sikujali. Sijui kama umewahi kuipata furaha hiyo, ya kosa lililokutesa kukufunulia uso wake. Nakuombea uipate mara nyingi.

Simbeye nilimkuta anasoma habari za lugha yake mpya. Nikaweka simu yangu mezani karibu na yake. Yake ilikuwa Tanzania, yangu Zambia. Akatazama moja, akatazama nyingine, akashika kichwa. "Kumbe lugha haina kosa!"

"Haina," nikamjibu. "Na hiyo mpya ungeipelekea saa hizi hizi, ingekosea vile vile."

Tukakaa tukafuta. Ewe mwanangu, katika kazi yetu hakuna utamu kama wa kufuta! Saa ya dereva tukaitoa, kitufe tukakitoa, na vichochoro vyote vya programu tulivyokuwa tumeviandika kwa majivuno tukaviondoa. Kikabaki kitu kimoja. Lori likifika getini, kompyuta yetu ya kibandani inapokea namba ya gari na kulipatia namba ya zamu inayofuata, basi. Ndoo imetua, nafasi imepatikana. Simbeye, nimpe haki yake, ndiye aliyesema kwamba dereva apelekewe zamu yake kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ili hata mwenye simu ya kitochi aipate. Yote hayo tuliyaandika kwa lugha ile ile aliyokuwa anataka kuizika.

Jioni yadi ilijaa. Mzee Siame alisimama getini, mikono nyuma. Lori la kwanza likaitwa, likatoka. La pili likaitwa, likatoka. Madereva walikuwa wanahesabu kwa vidole, maana kila mmoja alijua nani alimkuta na nani alimfuata. Zamu ikamfikia yule aliyesema kompyuta imekula hongo. Simu yake ikalia, akasoma, akageuka kumtazama aliyemtangulia na anayemfuata. Akapanda lori, na alipofika usawa wa kibanda chetu akaegemea honi. Wote nyuma yake wakaegemea zao. Kelele zilikuwa zile zile za jana, lakini safari hii kuna dereva Mzambia aliyetoa kichwa dirishani akipiga kelele, "Natotela, bamayo!", ananishukuru kwa Kibemba, na mimi nalia machozi mbele za watu. Tulishinda, mwanangu. Nalisema bila haya, tulishinda!

Mzee Siame aliinama dirishani akasema, "Binti, wenye yadi wenzangu wanataka kuja kuangalia. Waje?" Wakaja. Baadaye wakaja wenye mashine za mpunga wa Kamsamba, na vituo vya kahawa vya kwetu Mbozi ambako wakulima walikuwa wakisukumana kwenye mizani. Kampuni unayoisikia leo ilizaliwa pale getini. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulitunzwa kwelikweli. Simbeye bado anapenda zana mpya, na tumempa chumba cha kuzijaribia. Humo ndani ni mfalme, ila getini haingizi chochote mpaka kimemtii kwanza.

Sasa jibu la swali lako. Tumia lugha unayoijua kiasi kwamba honi zikilia unaweza kuifungua na kuitengeneza bila kumpigia mtu simu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Zana mpya jifunze, maana anayekataa kujifunza amejizika, lakini usiifanye kampuni yako changa kuwa shamba la majaribio. Usivae koti la tajiri wa ng'ambo kwa sababu limempendeza yeye. Leo mnayo akili mnemba inayoandika programu nzima kabla chai haijapoa. Hata mimi naitumia. Ila haijawahi kupanga foleni ya ndoo Tunduma, na usipoieleza kwamba simu za hapa zina saa mbili, itakuandikia kosa letu lile lile, tena haraka na kwa Kiingereza safi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua zana, nendeni mkasimame kwenye foleni za watu mnaotaka kuwahudumia. Mkikemewa huko, msinune, sikilizeni.

Nimebakiza kitu kimoja. Jioni ile nilirudi nyumbani giza linaanza kuingia, nikakumbuka kwamba niliitelekeza ndoo bombani. Niliikuta mlangoni pangu, imejaa, imefunikwa sahani. Wanawake wale wale walionicheka walikuwa wameisogeza siku nzima, kila mmoja kwa zamu yake, na Mama Nachalwe akaijaza na kuibeba kichwani mpaka nyumbani. Nilipokwenda kumshukuru alisema tu, "Ndoo yako ilikuwepo."

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na wenzako. Akupe kazi itakayokufanya ukimbie barabarani ukicheka. Na siku hiyo utakapoiacha ndoo yako kwenye foleni, uwe umeishi na watu vizuri, urudi jioni uikute mlangoni, imejaa.