Kufagia Nyuzi Bila Ampli

Nyumbani Musinzira, mjini Gitega, umeme ulikatika kila mara, na ampli ya kukuza sauti sikuwa nayo. Kwa hiyo nilijifunza kufagia nyuzi kwa gita la umeme ambalo halijachomekwa popote. Kufagia ni kuteremsha kijiplastiki cha kupigia juu ya nyuzi zote bila kusimama, kila uzi ulie na kunyamaza kabla ya unaofuata. Nilifanya hivyo miezi minane. Masikioni mwangu sauti ilikuwa safi kabisa.

Jumapili moja kwaya yetu ilialikwa Muyinga. Nikachomeka gita kwenye ampli ya kanisa, nikafagia. Nyuzi zote zikalia kwa pamoja, hazikunyamaza, kama sufuria zilizoanguka jikoni. Kumbe mkono wangu haukuwahi kujifunza kuzima uzi uliokwisha kupigwa. Bila ampli nisingeweza kulisikia kosa hilo. Waumini wakasimama, wakapiga vigelegele. Niliwakasirikia kuliko nilivyojikasirikia mwenyewe.

Nikaanza upya, polepole, kwenye ampli ya fundi redio mmoja wa mtaa wa Magarama. Mwaka uliofuata tulirudi Muyinga, na safari hii kila noti ilitoka peke yake, ikanyamaza kwa wakati wake. Hakuna aliyesimama. Baada ya ibada, mama anayeongoza kwaya ya pale alinijia kwa upole.

“Pole sana, mwanangu. Leo gita yako iko na shida gani? Ile siku ilikuwa inalia vizuri.”

Nikamwambia ni waya.