Adija na Ute wa Yai

Wifi yangu Adija hakujua kukaa. Nasema hivi bila kumsengenya, ingawa kumsengenya ni haki yangu, maana ameolewa na kaka yangu Huseni na tumeishi ua mmoja hapa Jabe miaka na miaka. Akikupa kiti, yeye anasimama. Akianza kula, ananyanyuka kutazama kama jiko limezimwa. Vita vilipoingia Bujumbura vikamzidishia. Risasi zikilia milimani, sisi wengine tunalala chini karibu na ukuta, yeye yuko gizani anakunja nguo zilizokwisha kunjwa.

Kwa hiyo niliposikia anawaalika wanawake waje kwake Jumamosi mchana kupumzika, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Wewe utamfundisha nani kupumzika, wifi?"

"Si mi napumzika, Mwanvua," akanijibu. "Mi napumzisha wengine."

Ilikuwa wakati wa ambargo. Mipaka ilikuwa imefungwa, na yale maduka ya mtaa wa Asiatique yaliyouza krimu za Ulaya yalibaki na viberiti na vumbi. Adija akaanza kupika vya kwake. Mawese aliyachemsha mpaka wekundu ukapungua, akayachanganya na machicha ya kahawa, yakawa ya kusugua visigino na viwiko. Parachichi lililoiva sana lilikwenda kichwani. Mchaichai aliuchemsha na chumvi, akaumimina kwenye beseni la kuloweka miguu, nyumba nzima ikanukia. Lakini iliyompa kiburi hasa ni dawa ya uso: ute wa yai, unga wa mchele na asali kidogo, vimepigwa mpaka vikatoa povu. Unapakwa, unalala kwenye mkeka, unangoja ikauke. Ikikauka inavuta ngozi, na ukisema neno moja tu inapasuka.

Mimi roho iliniuma. Mayai, wakati ule! Mtu anahangaika kupata yai la mgonjwa, sisi tunayapaka usoni. Adija akawa ananipa viini nikaange, nami nikanyamaza. Sina aibu kukiri kwamba napenda viini.

Sheria yake ilikuwa moja tu.

"Muko na wiki muzima ya kusema," aliwaambia. "Hapa munafunga kinywa. Dawa ikipasuka, mi siongeze ingine."

Nilidhani ni kwa ajili ya ngozi. Baadaye nikaona kwamba hicho kimya ndicho walichokuja kutafuta. Mji ulikuwa umegawanyika pande mbili, na kila neno lilipimwa: umemsalimia nani, unalala mtaa gani, wazazi wako walitoka wapi. Ukiwa na yai usoni hakuna anayekuuliza.

Ndiyo maana Jovithe na Amandine waliweza kulala chumba kimoja. Jovithe alikuwa mwalimu. Alikimbia kutoka kilima kilicho juu ya mji nyumba yao ilipochomwa, akapanga chumba nyuma ya ua wetu pamoja na Gaël, mtoto pekee aliyebaki naye. Amandine aliteremka kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa kule mlimani, kwa gari lenye dereva. Mumewe alikuwa mkubwa jeshini. Huyu wa upande huu, yule wa upande ule. Njiani wasingesalimiana. Kwa Adija mikeka yao iligusana, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo.

Jumamosi ninayoisimulia, miguu ikiwa bado kwenye beseni, Jovithe alisema kwamba Gaël anaondoka jioni ile ile. Atalala kwa mjomba wake chini ya kilima, na alfajiri atapanda shambani kwao kung'oa muhogo.

"Muhogo inaozea mu udongo, na sisi tunanunua unga," alisema. "Nimekataa mpaka nimechoka. Anasema yeye ni mwanaume sasa."

Adija akawapaka, akawafunika macho kwa vitambaa vya maji, kimya kikaanza. Mimi nilikuwa mlangoni namenya ndizi. Siku zote Amandine alilala usingizi mara tu akipakwa. Kiriri, alisema, milio ya bunduki inasikika karibu mno. Siku hiyo hakutulia. Vidole vya miguu vilicheza, mkono ulichuna ukingo wa mkeka, uzi mmoja mmoja. Nje, chini ya dirisha, dereva wake aliegemea ukuta akiimba kwa sauti ya puani.

Ghafla Amandine aligeuza kichwa, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mama Gaël. Mutoto asipande. Kesho apana. Wenye watapanda kesho, hawatarudi."

Dawa ikapasuka kutoka mdomoni mpaka sikioni. Nje, dereva akaacha kuimba.

"Nilisema nini mi?" Adija akapiga kelele, bakuli mkononi. "Mayai yangu! Asali yangu! Madame, hata kama unatoka Kiriri, hapa ni kwangu! Kinywa munafunga! Wallahi, sasa mutalipa yai!"

Alifoka mpaka majirani wakachungulia. Namjua Adija akikasirika, na pale hakuwa amekasirika. Aliogopa. Macho yake hayakutoka dirishani. Dereva alicheka peke yake, akaendelea na wimbo wake.

Jovithe alikuwa ameshainuka nusu. Adija akamkandamiza bega.

"Lala," akamnong'oneza. "Ukitoka mbio sasa, huyu wa inje atajua nani amekuambia. Acha ikauke."

Jovithe akalala. Sijapata kuona mtu akilala vile, mwili mzima umekaza, mishipa ya shingo imesimama. Jua lilikuwa linashuka na Gaël anakaribia kuondoka. Adija akamwosha Amandine polepole, kama Jumamosi zote, akampaka mafuta mikononi, akamtania kuhusu kucha zake, akamsindikiza hadi kwenye gari. Nilitamani kumvuta kanga. Hivi huyu mwanamke, asiyejua kukaa, siku hiyo ndiyo aliyochagua kwenda taratibu!

Gari lilipokata kona, Jovithe alitoka kama alivyo, miguu mitupu, yai usoni, akapita katikati ya soko la Jabe. Watoto walimfuata wakipiga kelele, "Muzimu! Muzimu!" Wauza nyanya walisimama kutazama. Mimi nilikimbia nyuma na viatu vyake, nikihema, na aibu imenijaa.

Upande wa pili wa soko, Gaël alikuwa ameshakaa nyuma ya pikapu iliyongoja abiria, na jembe lake, pamoja na vijana wenzake.

"Shuka," Jovithe akamwambia.

"Mama, watu wanacheka."

"Shuka!" Na kila alipofungua mdomo, vipande vyeupe vilimdondoka kidevuni.

Vijana walikuwa wanakufa kwa kicheko. Gaël akashuka. Nadhani alishuka kwa aibu tu, ili kicheko kiishe. Pikapu ikaondoka bila yeye.

Kesho yake bunduki zililia kilimani tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na moshi tuliuona kutoka uani. Vijana wale wa pikapu hatukuwaona tena. Jovithe alikaa mlangoni kwake mchana kutwa, Gaël yuko ndani nyuma yake, na hakuna aliyemtania mtu.

Jumamosi iliyofuata hatukujua kama Amandine atakuja. Adija alitandika mkeka wake, akaukunja, akautandika tena. Gari likafika. Amandine aliingia, akasalimia, akalala mahali pake, na dereva akaenda kuegemea ukuta chini ya dirisha.

Hapo Jovithe akanyanyuka, akalichukua bakuli mikononi mwa Adija. Akapiga magoti, akaanza kumpaka mwenzake kwa ncha za vidole, paji la uso, mashavu, kuzunguka midomo, kwa uangalifu, kama unavyompangusa mtoto aliyelala. Hakusema asante. Lakini yai halikupata hata kukauka: mistari miwili ililipasua, kutoka kwenye macho ya Amandine mpaka masikioni.

Nikangoja Adija afoke. Alikuwa ametupa mgongo, yuko jikoni anakoroga kwa nguvu. Nikasogea kuona anapika nini. Sufuria ilikuwa tupu.

Nikamwacha akoroge.