Kikapu cha Mechi ya Mwisho

Leo baba yangu ameombwa msamaha kwa kikapu cha zamani sana.

Alichezea timu ya Kakamega kwenye ligi ya taifa ya mpira wa kikapu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru.

Sasa tuko soko la Lubao, mzee mmoja aliyechezea timu pinzani akamshika mkono, asiuachilie.

"Ile mechi ya mwisho wa msimu," akasema, "nilikuwa nimekanyaga mstari wa nje nikifunga kikapu cha ushindi. Mkakosa kombe."

Nikangoja baba akasirike.

Akatazama mbali, kama anayesikia mpira ukidunda kwenye udongo.

"Najua. Niliona."

"Mbona hukumwambia refa?" mzee akauliza.

"Ulikuwa unacheka vizuri sana, bwana."

Wakaketi wameshikana mikono, kama soko limewaacha peke yao.

Jamani, ninyi mngenyamaza?

Mimi ningekuwa nabishana na refa mpaka leo.