Shimo la Udongo la Akina Mama

Watu wakiona picha zangu huuliza rangi hiyo nyekundu inauzwa duka gani. Haiuzwi. Inatoka kijiji kimoja cha Korogwe, kule Mto Pangani unakopinda na kuacha ufukwe wa mchanga mweupe, mahali ambapo bodaboda hukushusha na kukwambia, sasa baba, tembea.

Mimi ni mtoto wa Handeni mjini, nimeishi kwa kuchora mabango ya saluni na mabucha. Nilikwenda kule kuchora mto tu. Nikakuta akina mama wanafinyanga vyungu, na mkubwa wao, bibi mmoja mwenye maneno, akanipa bonge la udongo nijaribu. Jamani! Niliuchanganya na gundi nikapaka, nikajua rangi za kopo basi tena. Toka siku hiyo nikawa naenda kila mara, nakaa kwa bibi hata wiki tatu, nakula bada lake, ule ugali wa muhogo, nachora maji asubuhi, jioni nataniwa kwamba sina mke kwa sababu nanuka gundi. Sijawahi kupendwa bure namna ile.

Bibi alinikataza jambo moja tu. Kwenye shimo wanakochimba udongo mwanamume hafiki, akifika vyungu hupasuka motoni. Ukitaka udongo sema, utaletewa.

Siku moja udongo ukaniishia katikati ya picha, na akina mama wote wako shamba. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe. Nikaingia shimoni mchana kweupe, nikajaza ndoo, nikarudi kumalizia picha huku napiga mluzi. Mila hizi bwana, nikajisemea.

Wiki iliyofuata wakachoma vyungu. Pa! Pa! Vikapasuka karibu vyote, kazi ya mwezi mzima, na bibi akakaa chini akashika tama. Mimi mpaka leo nasema zilikuwa kuni mbichi, lakini hilo halikumsaidia mtu. Akina mama wakaanza kumtafuta aliyevunja mwiko. Macho yakamwangukia mkwe wa bibi, mke wa mwanawe, aliyeolewa pale mwaka uleule kutoka Dindira. Wakasema lazima alimwingiza mumewe shimoni amsaidie kubeba. Akakana, mumewe naye akakana. Hawakusadikiwa. Ikaamuliwa Jumamosi arudi kwao, wazazi wake wamfunde upya.

Nami nikajikausha. Niliogopa kufukuzwa, huo ndio ukweli, maana nilikuwa sina mahali pengine duniani ninapopapenda vile. Siku mbili nikala na yule mkwe sinia moja, nikamsifia mboga. Ijumaa nikamwona anakunja kanga zake na kuzipanga kwenye begi, taratibu, moja moja, nikaenda kumtafuta bibi.

Nilimkuta bibi anapepeta mahindi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Bibi, aliyeingia shimoni ni mimi. Mkweo hana kosa.”

Akauweka ungo chini. Afadhali angenitukana.

“Na chakula mlikuwa mnakula pamoja?” akauliza.

“Ndiyo, bibi.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanyanyuka, akawaita akina mama wote uani, akamwita na mkwe wake. Mbele yao, mtu mzima yule akamwambia binti, “Mama, nimekuonea. Nisamehe.” Kisha akanigeukia mimi. Kuni za kuchomea vyungu vipya zingekuwa juu yangu, zote, tena kavu. Nilizibeba siku nne mpaka mabega yakachubuka, na kila mama aliyepita aliniuliza kama shimo nimelikumbuka. Hakuna aliyenifukuza. Nashukuru kwa hilo kila ninaposhika brashi.

Siku ya kurudi Handeni, mkwe ndiye aliyeniletea udongo, kaufunga kwenye jani la mgomba. Nikamwomba msamaha.

“Kaka, siku ile mimi nilikuona,” akasema. “Nilitangulia kurudi kutoka shamba, wewe ukatoka shimoni na ndoo.”

“Sasa mbona hukunitaja?”

“Mama anakupenda. Ukija ndiyo anacheka siku nzima. Nikasema nikutaje mimi, abaki na nani? Nikangoja useme mwenyewe.”

“Na kama nisingesema?”

“Ningepanda gari la Dindira.”

Nikaupokea ule udongo kwa mikono miwili.